Wenye Nguo Kambani Wazianue

Kisiwani, tarehe 2 Agosti

Mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Sisi huku hatujambo. Mama mzima, mimi mzima, ila goti langu la kushoto ndilo lenye maneno mengi. Nikipanda ngazi za mnara wa kuangalia waogeleaji linalia kama mlango wa stoo. Joto la mwaka huu halina adabu hata kidogo. Kuta zinabaki na moto mpaka alfajiri, na mama amehamishia kitanda chake sebuleni, chini ya dirisha linalotazama bahari, anasema hapo ndipo upepo unapopita ukiwa na haraka zake.

Mnara wa simu ulioangushwa na dhoruba ya mwaka jana bado umelala pale pale. Fundi alikuja, akauzunguka, akaupiga picha, akaondoka na boti ya jioni. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu. Miwani ya mama ya kusomea niliikalia mwenyewe, sasa vya karibu havioni, vya mbali anaviona kuliko mimi. Barua zako namsomea mimi.

Kazi ipo. Wiki iliyopita walikuja wale wadudu laini wa baharini wanaoelea kama mifuko ya nailoni, wakajaa ufukwe mzima. Nikapandisha bendera ya zambarau. Mzee mmoja mgeni akaniuliza kama kisiwani kuna sherehe. Nikamwambia ipo, na akiingia majini atacheza mpaka kesho. Alipoelewa akarudi kukaa chini ya mwavuli wake, akanuna siku nzima. Bahari yenyewe imetulia, lakini maji yana uvuguvugu wa kuogeshea mtoto mchanga, na mwisho wa kiangazi yakishakuwa hivyo mimi roho inakuwa juu.

Sasa habari za mama na redio. Kila asubuhi, taarifa yako ya hali ya hewa ikikaribia, anaipakata redio mapajani na kuweka kiganja juu yake, kama anayempima mtoto homa. Ukisema "habari za asubuhi, wasikilizaji," anakujibu, "Nzuri, baba." Ukifika mwisho, pale penye "na wenye nguo kambani wazianue," anacheka peke yake. Maneno yale uliyachomeka mwaka ule mashuka yake yalipoondoka na upepo, na mpaka leo anawaambia watu kwamba serikali nzima inajali mashuka yake. Jirani yetu mshonaji amekuja kulalamika kwamba redio inamtoboa masikio. Nikamwambia azibe pamba, anayo nyingi. Na mama anasema una mafua. Anasema kila wiki.

Haya, mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Njoo. Boti zinasafiri vizuri sasa hivi, msimu ukishakolea hatujui. Mwaka jana ulisema kazi, mwaka juzi ulisema kazi. Mama haombi kitu. Ila taulo lake jeupe bado analianika mbele ya nyumba kila mchana, na limechakaa mpaka ukilinyoosha unamwona mtu aliye upande wa pili. Ukija, basi utakuwa umeokoa na taulo.

Dada yako mwenye goti


Bara, tarehe 14 Agosti

Dada yangu, bibi bendera,

Nimeipokea barua yako, nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi huku watu wananipita na kunikanyaga. Goti lipe mafuta na maneno matamu, hayo mengine mwachie Mungu. Mimi mzima. Chumba changu ni kile kile, juu ya fundi viatu, na nyundo yake ndiyo saa yangu ya kuamkia. Ukuta wa chooni umepakwa rangi ya kijani, mwenye nyumba anatembea kifua mbele kama kajenga bandari.

Ofisini wamenihamishia chumba cha nyuma. Kuna dirisha na feni inayogeuza shingo upande mmoja tu, na kazi nyingi za kuandika. Likizo kwa sasa ni ngumu, Dada. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Mama mwambie mafua yamepona. Asihangaike.

Ulipotaja taulo nililazimika kuweka barua chini. Wenzangu wa ofisini nimewasimulia mara ngapi, sijui, na hawaamini. Kwamba sisi tulikuwa tukiogelea mbali mpaka sauti haitufikii, na mama alikuwa na mataulo mawili. Likianikwa jeupe, chakula tayari, njooni mle. Likianikwa jekundu, bahari si nzuri, tokeni sasa hivi na anayebisha atanijua. Wewe siku zote ulitoka kwa jekundu. Mimi nilisubiri jeupe, nikachapwa kwa yote mawili. Mpaka leo nikiona nguo nyeupe kambani kwa watu baki, nasikia njaa. Nawaza kile kivuli cha mlango wetu na mama amesimama ndani yake na mwiko, naumia, nakwambia kweli.

Kwa mbeba mizigo wa boti utapata bahasha kubwa. Ndani kuna taulo jipya, jeupe, zito. Lile la zamani lisitupwe.

Halafu jambo la kazi. Mashariki kabisa kuna kitu kinajikusanya. Huenda kisiwafikie. Lakini kabla ya dhoruba yenyewe, hata ikiwa mbali na nyinyi, mawimbi yake hutangulia, na huja siku ya jua kali, anga halina hata wingu. Nimeandika hivyo kwenye taarifa na naandika kwako pia. Anga zuri lisikudanganye, Dada.

Mdogo wako


Kisiwani, tarehe 30 Agosti

Kasuku,

Barua yako imekaa bandarini kwenu zaidi ya wiki, boti hazikutoka, na sababu unaijua. Mama amelipokea taulo. Amelinusa, amelikunja, amelikunjua, amelala nalo, na asubuhi ndipo lilipopanda kambani. Anasema linanukia wewe. Mimi nilinusa nikasikia sabuni ya dukani.

Mawimbi yalikuja kama ulivyosema. Siku nzuri kabisa, anga la buluu, hata majani hayatikisiki, na mimi nikapandisha nyekundu. Watu wakanitolea macho. Muuza maji baridi akapaza sauti kwamba dada wa bendera kalewa jua. Mpishi wa nyumba ya wageni, yule mwenye tumbo la heshima, akasema yeye kazaliwa na chumvi mwilini, akavua shati akaingia. Mawimbi yalikuwa yanakuja kwa nafasi, moja, kisha kimya kirefu, kisha jingine kubwa zaidi. Katikati ya ufukwe maji yote yale yalikuwa yanarudi baharini kwa njia moja, na njia hiyo ikambeba mpishi. Nilimwona anapigana nayo akiikabili nchi kavu. Nikapiga filimbi mpaka midomo ikafa ganzi, nikamfanyia ishara alale chali, asishindane. Namshukuru Mungu alinitazama. Alilala chali, akapelekwa mpaka nje ya mapovu, na boti yetu ya uokoaji ikamkuta huko anaelea na tumbo lake juu. Jioni kaniletea mikate miwili na hajaniangalia usoni tangu hapo.

Nyumbani kwetu nako, nilipogeuka kutazama, mama alikuwa ameona bendera yangu na kushusha jeupe, kaanika jekundu. Hakuna mtoto wa kumtoa majini, lakini kaanika.

Asubuhi ile tulikusikia vizuri. Mama kafurahi, anasema sauti yako imerudi kama zamani, mafua yamekwisha kweli. Kwa hiyo asante kwa onyo, na asante kwa sauti.

Sasa hilo la likizo. Sitakuuliza tena kama ombaomba. Nitasema mara moja tu, halafu nitanyamaza. Mama analianika lile taulo kwa ajili yako. Si kwa ajili yangu, mimi nipo, nakuja nikiwa na njaa na naondoka nikiwa na zamu. Mimi niliyebaki siitwi na taulo. Sikuonei wivu, au nakuonea kidogo, lakini kinachoniuma ni kumwona mtu anatazama gati kila boti inapoingia, akihesabu wanaoshuka, halafu anasema "haya" na kurudi ndani kuwasha jiko. Hilo "haya" lake ndilo linalonikata maini. Njoo ulisikie mwenyewe, pengine likizo itapatikana.

Dada yako


Bara, tarehe 8 Septemba

Dada,

Salamu kwako na kwa mama. Leo sina mzaha.

Asubuhi ile ya bendera nyekundu sikuwa hewani. Sijawa hewani tangu Juni. Taarifa husomwa na msichana mmoja mgeni, ana sauti nyembamba kama ya kengele ya baiskeli. Hakuna mtu mwenye masikio anayeweza kumsikia yule akadhani ni mimi. Barua yako ya kwanza niliposoma habari za "nzuri, baba," nilidhani unasimulia ya zamani kwa mazoea. Nikaona heri, nikanyamaza nami. Lakini hii ya pili umenitajia siku. Sasa nakuuliza, nyinyi huko mnamsikia nani?

Na kwa kuwa nimeuliza, nitasema langu kwanza. Ilianza kama mafua kweli. Mama alikuwa sahihi, alisikia kabla ya daktari. Ulikuwa uvimbe kooni, kwenye nyuzi za sauti. Si ule mbaya, usishtuke, walipima mara mbili. Wameutoa, na sauti imetoka nao. Kilichobaki ni mkwaruzo na pumzi, na daktari anasema huenda ikaongezeka kidogo, huenda ndiyo hiyo hiyo. Mkuu wangu ni mtu mwema, hakunifukuza. Mimi ndiye ninayeandika taarifa, yule msichana anasoma. Siku ya kwanza alitaka kuruka maneno ya nguo kambani, akidhani nimekosea. Nilimwandikia kwenye karatasi, "Soma. Yana mwenyewe."

Unaelewa sasa kwa nini likizo ni ngumu? Kasuku wa mama hasemi. Dukani nanyoosha kidole. Fundi viatu ananionea huruma mpaka amenishonea kandambili bure. Hayo nayamudu. Ila nikifikiria kushuka kwenye ile gati, mama amesimama pale, anasubiri nifungue mdomo, na ninachotoa ni upepo! Ananingoja na redio mapajani, Dada. Acha anisikie huko huko anakonisikia, ndivyo nilivyojiambia. Nimewakumbuka mpaka usingizi umenikimbia, na bado miguu haitaki kwenda bandarini.

Kile kitu cha mashariki kimepata nguvu na kimegeuka kuelekea kwenu. Mkiambiwa mpande kilimani, pandeni, msibaki kulinda masufuria. Na unijibu swali langu. Mama ana nini?

Mdogo wako


Kisiwani, tarehe 23 Septemba

Mdogo wangu mpenzi,

Tuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua hulali. Barua yako imenifikia jana tu, na boti ya kwanza iliyoweza kupenya.

Nimelia, kisha nimekutukana kidogo, kisha nimelia tena. Pole, mdogo wangu. Pole sana. Wewe ulale hospitali peke yako, uamke bila sauti, na mimi huku nimekaa juu ya mnara nakutania kwa barua.

Mama hasikii. Hasikii kabisa, tangu ile homa ya Machi. Ilipopoa iliondoka na masikio yote mawili. Ile redio mapajani ni kwa ajili ya kiganja. Anasikia inavyotetemeka, na akishaihisi anasema "Nzuri, baba," kwa kukisia. Taarifa ikiisha ananigeukia, "Kasemaje?" nami namwandikia kwa kidole kiganjani, bahari shwari, au bahari chafu, na wenye nguo kambani wazianue, na mama anasalimiwa. Hilo la mwisho naongeza mwenyewe. Yale ya mafua na sauti kurudi anayapata kwa mtetemo, anavyodai, na mimi nani hata nimbishie? Alinikataza nisikwambie. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Akijua sisikii, ataacha kunisalimia."

Mimi nilijua siku ya kwanza kwamba asomaye si wewe. Lakini nilipolisikia lile neno la nguo kambani kwenye mdomo wa msichana wa watu, nikajua upo, na kwamba unaandika wewe. Nilidhani umegombana na mkuu wako, una kichwa kigumu tangu utotoni. Nikasema akitaka kusema atasema. Basi nikawa katikati yenu, huyu nambebea uongo wa yule, nikachoka, mdogo wangu. Usiku ule wa dhoruba ndipo nilipojua nimechoka kiasi gani.

Mchana wake nilipandisha nyekundu mbili, maana yake kila mtu aondoke chini. Bahari ilikwishapita mstari wa miti. Nikapewa kipaza sauti, nikaambiwa mtaa wa bondeni ni wangu, nyumba kwa nyumba, na king'ora kinalia tangu adhuhuri. Na mimi nikijua kwamba king'ora kile kwa mtu mmoja ni bure. Nyumba yetu ilikuwa upande wa pili, maji yakiwa magotini. Nilibeba wazee wa watu, nikabeba mtoto wa watu, nikabeba cherehani ya jirani yetu mshonaji kutoka kibandani kwake cha bondeni kwa sababu alikataa kutoka bila nayo, na kila hatua nasema moyoni mama yangu amelala chini ya dirisha. Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi na hakuna mtu.

Nikapanda shuleni kilimani. Nikamkuta amekaa dawati la mbele kabisa, kavaa viatu vya kutokea, taulo lako kalizungusha shingoni, redio iko kwenye mfuko. Akaniambia, "Umechelewa." Aliona bendera mbili kutoka dirishani, Kasuku. Alipanda mapema kuliko kisiwa kizima. Akaniuliza mbona nalia, nikamwandikia kiganjani, mvua.

Bati la jikoni limeondoka na hatujui lilipo. Ukuta umesimama. Ila mfuko ulikuwa na tundu na redio imekufa. Fundi hapa kaifungua, kaifunga, katikisa kichwa. Sasa kila asubuhi mama anaweka kiganja pale na haitetemeki. Nimemwandikia kwamba redio imeharibika. Anatikisa kichwa. "Si redio," anasema. "Ni mwanangu. Kuna kitu kimempata, mnanificha." Chakula hali vizuri. Taulo linapanda kambani kabla jua halijatoka, na yeye anakaa chini yake kwenye kiti mpaka jioni, kwenye joto hili, anatazama gati.

Sijamwambia habari zako. Hili sitalibeba mimi, limenizidi. Unaogopa kumletea mama upepo mdomoni, na mama anaogopa kukuletea masikio yaliyokufa, na mimi nawatazama wote wawili mnavyoniua. Njoo. Usije na sauti, hana pa kuiweka. Njoo wewe.

Dada yako


Bandarini, bara, tarehe 5 Oktoba

Dada,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya begi langu. Hii sitaipa posta, nitaibeba mwenyewe mfukoni. Naandika tu ili nisirudi nyumbani.

Tulikuwa tuondoke juzi. Boti imezuiwa, mawimbi kutoka dhoruba nyingine, mbali, haiji kwenu wala kwetu. Watu hapa wamekasirika, jua linawaka na anga jeupe pe, wanauliza ni mpumbavu gani aliyezuia boti siku kama hii. Mpumbavu mwenyewe ni mimi. Niliandika ile taarifa asubuhi ile ya juzi, nikafunga meza, nikachukua begi, nikaja kukaa hapa kuitii. Mama mmoja mwenye mapakacha ananiambia watu wa hali ya hewa hawana mama. Ningekuwa na sauti ningemjibu.

Nilikuwa na siku mbili za kubadili mawazo na sijabadili.


Jikoni kwa mama, tarehe 9 Oktoba

Dada yangu,

Naiweka hii kwenye mkoba wako wa kazi, chini ya filimbi, uisome ukiwa mnarani. Jana ulipotoka zamu ukatukuta, ukaniuliza mara tatu kilichotokea mlangoni, na mara tatu nikashika kalamu nikashindwa. Ulikuwa unanitazama mno. Nami sijazoea kuandika mbele ya mtu anayelia. Kwa hiyo ngoja nikusimulie sasa, mama bado amelala na turubai la jikoni linapigapiga juu ya kichwa changu.

Boti ilipozunguka ile miamba ya mwisho, nililitafuta taulo. Niliona nyumba kwanza, haina bati upande mmoja, nikaona mnara wako na bendera ya kijani, na wewe ukiwa kitone pale juu. Halafu nikaliona. Jeupe. Dada, niliona njaa. Mtu mzima mwenye mvi, nimeshika chuma cha boti na njaa ya mtoto wa miaka saba, na mwenye mapakacha akanipa kipande cha mkate akidhani bahari imenichafua tumbo.

Mama hakuja gatini. Alisimama chini ya taulo, kashika kamba kwa mkono mmoja. Alikuwa ameshaniona tangu nashuka, wewe mwenyewe umesema vya mbali anaviona. Nilitembea ile njia yote nikiwa nimeandaa karatasi. Nilikuwa nimeiandika kwa herufi kubwa sana, kwa ajili ya macho yake, "MAMA, SIWEZI KUSEMA." Nilipofika mbele yake nikaitoa. Hakuitazama. Kaichukua, kaikunja, kaitia kwenye mfuko wa gauni lake kama risiti.

Akanitazama mdomo. Nikaufungua, ikatoka ile pumzi yangu. Nikaona uso wake unahangaika, na nikajua anadhani nimesema maneno mengi mazuri na yeye ameyakosa. Alianza kuomba radhi. Mama, kuniomba radhi mimi! Akasema, "Baba, mimi siku hizi masikio..." na hakumaliza.

Nikamshika mkono, nikauweka hapa kooni kwangu, penye kovu. Kiganja chote. Na katika maneno ya miaka yote, Dada, nikachagua nilichozoea. Kwa ule mkwaruzo, kwa nguvu yangu yote, nikasema, habari za asubuhi, wasikilizaji.

Akafumba macho, kiganja pale pale. Nadhani alilisikia kovu pia, kwa sababu kidole kimoja kilisogea, kikalipita, kikarudi. Halafu akasema, "Nzuri, baba."

Kisha akafumbua macho na kunitandika kofi dogo la shavuni.

"Lakini una mafua," akasema. "Ingia ndani."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Karatasi yangu bado iko mfukoni mwake, na asubuhi hii nimeona anayo hata kitandani. Ataisoma ukimletea miwani au hataisoma, sioni tena kama kuna tofauti. Nina ruhusa ya mwezi mmoja. Bati nitalipiga mimi, ulifungue wewe nikilikosea.

Bahari ya leo ni shwari, upepo mwepesi kutoka kusini. Hiyo nimeiandika mwenyewe kwa kuitazama dirishani, na ile ya redioni msichana wetu ataisoma vizuri.

Sasa geuka, Dada. Weka barua chini, uitazame nyumba. Jeupe liko juu, nitakuwa nimelianika mimi ukishatoka, lakini mama ndiye aliyenituma tangu jana usiku. Nilimwandikia kwa kidole kiganjani, la nani tena, mimi si nipo? Akanishangaa, kana kwamba naanza kupungukiwa na akili pia. "La dada yako," akasema. "Tangu lini yule amekula akashiba?"

Ukikabidhi zamu, shuka. Hatuanzi kula mpaka uje.